Je, Umfundishe Paka Kutumia Choo? Historia ya Mchanga, Udongo na Maji



Sisi tunaoandika programu tuna ugonjwa mmoja. Tukiona kazi inayojirudia kila siku, mikono huanza kutuwasha. Tunataka kazi hiyo ijifanye yenyewe. Sasa fikiria kazi ya kuzoa kinyesi cha paka. Asubuhi unazoa, jioni unazoa, kila baada ya muda unanunua mfuko mwingine wa mchanga wa dukani, na hatua tano kutoka kwenye trei hiyo kuna choo cha kuflashi ambacho watu wote wa nyumba wanakitumia bila taabu. Swali linakuja lenyewe: mbona paka naye asikitumie?

Si swali la mzaha na wala si jipya. Limemshughulisha mwanamuziki mkubwa, limeingia kwenye filamu, limeuza vifaa vya plastiki nchi nyingi, na majibu yake yamegusa hata bunge la jimbo moja la Marekani. Mtu anayeishi na paka ghorofa ya nne, pasipo hata kipande cha udongo, huliuliza kwa dhati kabisa. Lakini kabla ya kusema ndiyo au la, tujue kwanza ile trei ilitoka wapi na kinachotoka kwa paka huenda wapi. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kuisimulia leo.

Mnyama aliyekuja na mipangilio yake

Paka wa nyumbani hakubuniwa na binadamu. Mwaka 2007, Carlos Driscoll na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa chembe za urithi za paka 979, wa nyumbani na wa mwituni. Waligundua kwamba paka wetu wote wanatokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, mnyama ambaye wataalamu humwita Felis lybica. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2004, wanaakiolojia walikuwa wametangaza kaburi walilolifukua Shillourokambos, kisiwani Cyprus, lenye mifupa ya mtu na ya paka aliyezikwa kando yake. Kaburi hilo lina umri wa miaka 9,500 hivi.

Kisa chenyewe ni rahisi. Watu walianza kulima na kuweka nafaka ghalani. Nafaka ikaleta panya, panya wakamleta paka. Wahenga wetu walishasema kwamba paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Hakuna aliyemfunga kamba wala kumfundisha kazi. Alikuja na ujuzi wake wote, na mmoja wa ujuzi huo ni kuchimba shimo kwenye udongo laini, kujisaidia, kisha kufukia.

Tabia hiyo hupunguza harufu inayoweza kumfichua kwa adui au kwa paka mwenye nguvu kuliko yeye. Kitoto cha paka cha wiki chache tu, ukikiweka kwenye mchanga, kitaanza kuukwaruza bila kuonyeshwa. Kwa lugha ya tarakilishi, hiyo ni mipangilio ya kiwandani. Mbwa hufunzwa asichafue nyumba; paka hahitaji kufunzwa, anahitaji tu kupewa udongo. Ndiyo maana paka wanaozurura vichochoroni na ufukweni huko Lamu hawana haja ya trei. Mji wenyewe umewapa mchanga wa kutosha.

Tatizo lilianza pale mtu alipotaka paka akae ndani ya nyumba yenye sakafu.

Jirani aliyeomba mchanga

Hadi katikati ya karne ya 20, paka wengi wa Ulaya na Marekani waliishi nusu ndani, nusu nje. Jioni walifunguliwa mlango waende zao. Wale waliotaka kuwaweka ndani usiku kucha waliwatengea sanduku la mchanga, udongo wa bustanini au jivu la jikoni. Kila kimoja kilikuwa na kasoro yake. Mchanga haufyonzi mkojo vizuri, kwa hiyo harufu hubaki. Udongo hugeuka tope. Jivu hushika kwenye miguu ya paka, kisha nyayo hutapakaa sebule nzima. Na kwenye nchi za baridi kali, rundo la mchanga lililoko nje huganda likawa kama jiwe.

Januari 1947, katika mji mdogo wa Cassopolis, jimbo la Michigan, jirani mmoja alikumbana na tatizo hilo hilo. Mchanga wake ulikuwa umeganda, na jivu lilikuwa limemchosha. Akaenda kuomba mchanga kwa Edward Lowe, kijana wa miaka 26 aliyekuwa ametoka jeshi la wanamaji na kurudi kufanya kazi katika biashara ya babake. Biashara yenyewe ilikuwa ya kuuza vitu vya kufyonza mafuta na maji sakafuni mwa viwanda, kama vile vumbi la mbao na chembechembe za udongo mkavu. Lowe akamwambia ajaribu udongo ule. Jirani akaenda nao, na baada ya siku kadhaa akarudi kutaka mwingine.

Lowe alishtukia kwamba hapo pana biashara. Akajaza mifuko kumi, kila mmoja ratili 5, yaani zaidi kidogo ya kilo 2, akaandika juu yake Kitty Litter na kutaka iuzwe senti 65. Mwenye duka la mji alitia shaka: nani atatoa senti 65 kununua udongo ilhali mchanga ni karibu wa bure? Lowe akamwambia awape watu bure. Waliopewa walirudi wakisema wako tayari kulipa. Miaka iliyofuata alizunguka kwenye maonyesho ya paka akisafisha masanduku ya paka wa watu ili naye apewe nafasi ya kuonyesha bidhaa yake. Mwaka 1964 alianzisha chapa ya Tidy Cat. Alifariki 1995 akiwa tajiri mkubwa.

Wanaotengeneza programu watautambua mtindo huo: toa toleo la kwanza bure, watu wazoee, kisha uuze. Lakini funzo kubwa zaidi liko kwingine. Lowe hakumbadilisha paka hata kidogo. Paka aliendelea kuchimba na kufukia kama mababu zake wa jangwani. Kilichobadilika ni kilichomo ndani ya sanduku. Mtumiaji aliachwa alivyo, chombo ndicho kilichomfuata.

Hatua iliyofuata ilikuja mwaka 1984, pale Thomas Nelson, mtaalamu wa baiokemia, alipogundua kwamba udongo aina ya bentonaiti ukilowa mkojo hushikana ukawa donge moja gumu. Badala ya kumwaga trei nzima, sasa unazoa donge na kuacha mchanga uliobaki. Naomba msomaji akumbuke donge hilo, maana tutalirudia.

Mingus na paka wake Nightlife

Wakati Lowe akiboresha sanduku, huko New York kulikuwa na mtu aliyetaka kuliondoa kabisa. Huyo ni Charles Mingus, mpiga besi na mtunzi wa muziki wa jazi, aliyezaliwa 1922 na kufariki 1979. Wapenzi wa jazi wanamjua kwa albamu kama Mingus Ah Um ya 1959. Wapenzi wa paka wanamjua kwa kijitabu kidogo, ambacho kwa kawaida huwekewa mwaka 1954, chenye maelekezo ya kumfundisha paka kutumia choo cha binadamu. Paka wake mwenyewe aliitwa Nightlife.

Mbinu ya Mingus ni ya hatua kwa hatua, na ukiisoma unaona kabisa kwamba ni ya mtu aliyemtazama paka kwa makini. Kwanza unampa sanduku la kadibodi ulilolikata mwenyewe, na ndani yake unaweka magazeti yaliyochanwachanwa badala ya udongo. Kisha unalisogeza sanduku kuelekea chooni kidogo kidogo, siku baada ya siku, ili paka asichanganyikiwe. Likishafika, unalipandisha juu ya kiti cha choo na kulifunga lisitelezeke. Paka akizoea kupanda, unatoboa tundu dogo katikati. Tundu linapanuliwa polepole na kingo za sanduku zinapunguzwa, hadi siku moja kadibodi yote inatoweka na paka amebaki ameketi juu ya kiti. Kwa Nightlife, kazi yote ilichukua wiki tatu au nne. Onyo kubwa la Mingus lilikuwa kwamba usiharakishe, na mlango wa choo usifungwe.

Mpango huo unafanya kazi. Hilo ni lazima likubaliwe. Kuna paka waliofaulu, na si hadithi tu. Mwaka 2000 filamu ya Meet the Parents ilimwonyesha paka aitwaye Jinx akitumia choo, na baada yake watu wengi wakatamani kuwa na wao. Katika miaka hiyo ya 2000 vikauzwa vifaa vya plastiki vinavyofuata wazo lile lile la tundu linalopanuka. Kimoja kutoka Australia, Litter Kwitter, kilikuwa na visahani vitatu vya rangi nyekundu, manjano na kijani, mithili ya taa za barabarani. Kisha YouTube ilipoanzishwa 2005, video za paka waliokaa chooni zikatapakaa.

Lakini tazama tofauti kati ya Lowe na Mingus. Lowe alibadilisha chombo kimfuate paka. Mingus alimbadilisha paka afuate chombo. Ameondolewa shimo, ameondolewa udongo, ameondolewa kufukia. Kilichobaki ni kusimama kwenye ukingo wa plastiki unaoteleza, juu ya maji. Kijana mwenye misuli imara ataweza. Je, akizeeka? Je, akiumia mguu? Tutarudi hapo. Kwanza kuna jambo ambalo Mingus hangeweza kulijua alipokuwa akikata kadibodi, kwa sababu sayansi ilikuwa bado haijalifikia: ni nini kilichomo ndani ya kinyesi chenyewe.

Kilichogunduliwa mwaka 1970

Mwaka 1908, katika Taasisi ya Pasteur mjini Tunis, Charles Nicolle na Louis Manceaux walikuta kimelea kigeni ndani ya mnyama mdogo wa jamii ya panya aitwaye gundi. Mwaka huo huo Alfonso Splendore alikikuta ndani ya sungura huko Brazil. Kikaitwa Toxoplasma gondii. Kufikia 1939 madaktari wa New York walikuwa wamethibitisha kwamba kinaweza kupita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni na kumdhuru ubongo na macho. Ila kwa miongo mingi hakuna aliyejua kinasambaa vipi. Watu wasiokula nyama nao walikuwa wakiambukizwa.

Mwaka 1965 William Hutchison, mtafiti wa Glasgow, alimlisha paka panya wenye kimelea hicho, akachukua kinyesi, akakihifadhi ndani ya maji ya bomba kwa miezi 12, kisha akawapa panya wengine. Panya hao wakaambukizwa. Mwaka mzima ndani ya maji, na bado kiko hai! Hatimaye mwaka 1970 makundi kadhaa ya watafiti, likiwemo la Frenkel na Dubey, yalieleza mzunguko wote. Kimelea hiki huweza kuingia kwa karibu kila mnyama mwenye damu moto, lakini huzaana kwa dume na jike ndani ya utumbo wa jamii ya paka pekee. Kutoka humo hutoka vijiyai vidogo mno vyenye ganda gumu. Sababu ya kumchagua paka ilipatikana juzi tu, mwaka 2019, pale watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipoonyesha kwamba utumbo wa paka unakosa kimeng'enya kimoja, na kwa hiyo asidi ya linoleiki hujaa humo na kukipa kimelea ishara ya kuzaana.

Sasa shika mambo manne, maana ndiyo yanayoamua swali letu.

Moja, paka mmoja huweza kutoa mamilioni ya vijiyai, lakini kwa kawaida hufanya hivyo mara moja tu maishani, baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, kwa muda wa wiki moja hadi tatu. Mbili, paka anayekaa ndani na kula chakula kilichopikwa au cha mkebe hana njia rahisi ya kuambukizwa. Tatu, vijiyai vikitoka huwa bado havijaiva. Vinahitaji siku 1 hadi 5 ndipo viweze kumwambukiza mtu. Nne, vikishaiva ni vigumu mno kuviua, na klorini inayotiwa kwenye maji haiviwezi. Mwaka 1995 mji wa Victoria, British Columbia, nchini Kanada, ulipata mlipuko wa ugonjwa huu uliohusishwa na maji ya mfereji wa mji.

Ukiyaunganisha hayo, unaona kwamba kijiko cha kuzolea ni chombo cha afya. Ukizoa kila siku, ukafunga kwenye mfuko na kutupa, umekata mzunguko kabla vijiyai havijaiva. Ukiflashi, hujaua chochote. Umevipeleka kwenye maji, mahali ambapo Hutchison alivikuta hai baada ya mwaka mzima.

Fisi maji wa California

Hapo ndipo kisa kinapohamia baharini. Pwani ya California wanaishi fisi maji wa baharini, wanyama waliowahi kuwindwa kwa ajili ya manyoya yao hadi wakakaribia kwisha. Idadi yao imekuwa ikipanda kwa shida, na watafiti walitaka kujua kwa nini wanakufa. Mwaka 2002 Melissa Miller na wenzake walichapisha matokeo ya kupima fisi maji 223. Asilimia 42 ya waliokuwa hai, na asilimia 62 ya waliokufa, walikuwa na dalili za kuwahi kuambukizwa Toxoplasma. Kimelea cha paka kilikuwa kimefika baharini.

Habari hiyo iliwagusa watu sana. Mwaka 2006 California ilipitisha sheria iliyotaka mifuko ya mchanga wa paka iandikwe onyo la kutoflashi kinyesi chake, na pia ikapandisha faini ya kumdhuru fisi maji hadi dola 25,000. Tangu hapo, kila anayemwuliza mtandao kama amfundishe paka kutumia choo hupewa jibu moja: usifanye hivyo, utawaua fisi maji.

Lakini tusome utafiti wenyewe, tusiishie kwenye kichwa cha habari. Miller na wenzake hawakuona uhusiano wowote kati ya maambukizi na maji ya vyooni yanayomwagwa baharini. Uhusiano walioukuta ni wa maji ya mvua na mito. Fisi maji waliokaa karibu na mahali maji mengi ya nchi kavu yanapoingia baharini walikuwa na uwezekano wa mara tatu hivi wa kuambukizwa kuliko waliokaa mbali na maji hayo. Na mwaka 2019 Karen Shapiro na wenzake walionyesha kwamba aina ya kimelea iliyowaua baadhi ya fisi maji ilikuwa ile ile iliyopatikana kwa jamii ya paka, wa porini na wa mitaani, kwenye mabonde ya mito ya karibu. Kwa hiyo lawama kubwa ni ya paka wanaojisaidia nje, ambao mvua husafisha nyuma yao.

Je, sheria ya 2006 ilikuwa ya bure? Sioni hivyo. Kama mtambo wa majitaka hauui kitu, si busara kukimimina humo kwa makusudi. Ila anayetumia fisi maji kama sababu kuu ya kukataza choo, huku paka wake akizunguka mtaani usiku kucha, ameziba tundu la sindano na kuuacha mlango wazi.

Na kwetu je?

Sisi hatuna fisi maji wa baharini, lakini tuna mito, mboga na watoto. Majitaka ya Nairobi yanayobahatika kufika kwenye mtambo huenda kwenye mabwawa ya Ruai, na kutoka huko maji huingia Mto Nairobi. Mto huo huungana na Athi, ambao mbele huitwa Galana na kisha Sabaki, ukamwaga maji yake katika Bahari Hindi karibu na Malindi. Njiani kuna watu wanaonywesha mifugo na kumwagilia sukuma wiki kwa maji hayo. Nyumba nyingi zaidi hazijaunganishwa na bomba lolote. Zina tangi la majitaka au choo cha shimo, na anayeflashi hapo anahifadhi tu kwa ajili ya siku lori la kunyonya litakapokuja.

Kisha kuna hesabu ya maji. Paka mzima hukojoa mara mbili hadi nne kwa siku na kunya mara moja hivi. Hajui kuflashi, na hata akijua, huflashi kwa kucheza. Tuseme unaflashi mara nne kwa siku kwenye tangi la lita 6 hadi 9: hizo ni lita 24 hadi 36. Katika mtaa wa maji ya mgao, huo ni zaidi ya mtungi mmoja wa lita 20, na unakaribia miwili, kwa ajili ya mnyama aliyezaliwa jangwani ambaye haombi hata tone.

Hatari yetu kubwa zaidi iko mahali ambapo wengi hawaangalii: rundo la mchanga wa ujenzi lililoachwa wazi kando ya ploti. Kwa paka wa mtaa hilo ni trei kubwa ya bure. Kwa watoto ni uwanja wa michezo. Turubai moja juu ya rundo hilo itazuia mengi. Nyama iive, mboga zioshwe, mikono inawe baada ya kulima. Mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi ya kuzoa, au avae glavu. Anayeishi na virusi vya Ukimwi naye awe mwangalifu, kwa kuwa kimelea hiki kinaweza kuamka ubongoni kinga ikishuka. Ndiyo moja ya sababu madaktari huwapa wagonjwa hao Septrin. Haya yote hayamtaki mtu amfukuze paka wake. Kama wasemavyo, paka wa nyumba haingwa.

Logi unayoifuta mwenyewe

Sasa nirudi kwenye lile donge la 1984. Mtu yeyote anayesimamia seva anajua thamani ya logi. Hakuna anayeisoma kwa raha. Ni mistari mirefu inayochosha, na siku zote kuna kishawishi cha kuizima ili diski isijae. Kisha usiku mmoja mfumo unaanguka, na kitu pekee kinachoweza kukuambia kilichotokea ni ile logi.

Trei ya mchanga ndiyo logi ya paka. Paka ni mnyama anayeficha maumivu. Hatakuambia figo zimeanza kuchoka. Lakini madonge yataanza kuwa makubwa na mengi, na hiyo ni dalili ya figo au kisukari kwa paka mzee. Ukiona donge lina rangi ya damu, umejua. Na paka dume akiingia kwenye trei mara kumi bila kuacha donge hata moja, mkojo umeziba, na hapo huna wiki ya kungoja. Paka wa namna hiyo anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu asipofikishwa kwa daktari. Kwenye choo mkojo wote unapotelea majini. Hujui amekojoa mara ngapi, kiasi gani, wala kama amekojoa. Umezima logi, kisha ukajipongeza kwamba diski haijai.

Madaktari wa paka nao wameelekea huko huko. Mwongozo uliotolewa 2014 na chama chao cha Marekani kwa ushirikiano na kile cha kimataifa, kuhusu paka wanaochafua nyumba, unataka paka apewe sanduku pana, lenye urefu wa mara moja na nusu ya mwili wake, lenye mchanga laini, mahali patulivu, lizolewe kila siku, na idadi ya masanduku izidi idadi ya paka kwa moja. Huo ni ule ule mtazamo wa Lowe: chombo kimfuate mtumiaji. Paka mzee mwenye viungo vinavyouma hawezi kuruka juu ya kiti kila mara. Atakojoa kwenye zulia, na wewe utadhani ana kiburi.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, na sababu ya kwanza si fisi maji. Sababu ya kwanza ni paka mwenyewe. Sababu ya pili ni kwamba kuflashi hakuondoi kazi, kunaihamisha tu hadi kwa mtu aliye chini ya mto ambaye hakuulizwa. Mingus alithibitisha kwamba inawezekana, na namheshimu kwa subira yake, lakini katika kazi yetu tumeona vitu vingi vinavyowezekana ambavyo havikustahili kutolewa.

Kama mchanga wa dukani ni ghali, tumia vumbi la mbao kutoka kwa fundi seremala au magazeti yaliyochanwa kama yale ya Mingus. Paka wengi watakubali mradi ni pakavu na safi. Zoa kila siku. Na unapozoa, angalia. Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na ni mojawapo ya zile chache ambazo hazifai kuachiwa mashine wala maji.